Pembe Mbili za Shuka

Kiwandani, kwenye meza ya kukunjia,
baada ya zamu ya asubuhi.

Kwako Dada yangu mkubwa, mpenzi wa moyo wangu,

Nakusalimu kwa furaha, nikiamini barua hii itakukuta mzima, ile miguu haivimbi tena, na wanao wanakula na kusoma bila kukutoa jasho sana. Mimi huku sijambo. Mikono imechakaa kwa sabuni kama kawaida, na sauti yangu bado ni ileile uliyokuwa ukiilalamikia tulipokuwa tukilala kitanda kimoja. Mume wangu anakuuliza kama ile dawa ya mgongo ilikufaa. Mwanangu mdogo ameng'oka jino la mbele na amesisitiza kwamba habari hiyo iandikwe, basi nimeiandika.

Kabla sijaendelea nina ombi. Aliyekuletea barua hii ni mumeo, na najua hukumtarajia kabla ya mwisho wa mwezi. Najua pia kwamba sasa hivi umesimama mlangoni, barua mkono mmoja, mwiko mkono wa pili, unamkodolea macho. Dada, mwache kwanza. Mpe maji ya kunywa, mwambie akae, kisha na wewe ukae. Nimemwomba asitie neno mpaka ufike mstari wa mwisho, naye amekubali. Bahasha sikuibandika. Amesoma kila kilichomo, na mahali pamoja amenisahihisha, utapaona. Kwa hiyo usidhani ninamsengenya mumeo, kwani kila ninachokiandika anakijua.

Katika barua yako ya mwisho uliniuliza, ukarudia kuniuliza, anaongozaje. Ulisema majirani wote wanajua kwamba mumeo ni msimamizi wa kiwanda, na mama mkwe wako anawaambia hata watu wanaopita njia tu. Ukataka kujua kama wafanyakazi wanamheshimu, kama ana ofisi, kama ana kiti chake. Nikakujibu kwamba anaendelea vizuri. Hilo lilikuwa kweli, ila halikuwa jibu la swali lako. Leo nakujibu lenyewe. Ningeweza kupiga simu, lakini unajifahamu wewe na simu: nikisema moja, wewe umeshasema kumi na umeshaanza kulia. Barua itakulazimisha uninyamazie mpaka nimalize.

Hujawahi kufika hapa, kwa hiyo acha nikuchoree kidogo. Kiwanda chetu ni jengo refu lililokuwa ghala. Upande mmoja ziko mashine za kufulia, zinatetemeka mpaka vikombe vya chai vinatembea mezani. Upande wa pili ni meza za pasi. Katikati ni uwazi mpana wa sakafu ya saruji, na hapo ndipo tunapokunja. Nyuma ni kamba za kuanikia. Ofisi yangu ni kona iliyozungushiwa vioo, na mlango wake hauna komeo tangu Fundi alipoling'oa kufungia mlango wa mashine. Tunafua mashuka ya hospitali na ya nyumba za wageni, na vitambaa vya meza vya ukumbi wa sherehe. Hatuko wengi. Wakati wa chai tunatosha kwenye mabenchi mawili, ingawa lazima mmoja wetu akalie nusu kiti.

Kuna watu watatu nataka uwajue. Wa kwanza ni Mama Pasi, ambaye hupiga pasi na kupiga soga kwa pamoja. Mdomo wake hauna breki, lakini hajawahi kuunguza hata leso. Wa pili ni huyo Fundi, mzee wa mashine, anayeongea na mashine kwa upole na binadamu kwa kununa. Wa tatu ni Kimya, msimamizi wa zamu. Jina hilo tulimpa kwa sababu siku nzima inaweza kupita na maneno uliyoyasikia kwake hayajazi kijiko. Wala si mkali, Dada. Akisimama karibu yako unajikuta tu unafanya kazi vizuri, hujui kwa nini.

Sasa sikiliza namna tunavyoajiri, maana mambo yote yalianzia hapo. Vyeti naviangalia, nashukuru, navirudisha. Kufua kunafundishika, kupiga pasi kunafundishika, hata kutengeneza mashine Fundi anaweza kumfundisha mtu siku asiponuna. Lakini tabia ya mtu ukishaiingiza ndani, ndiyo hiyo utakayoshinda nayo. Basi anayetaka kazi hapa tunampa shuka la kitanda kikubwa, alikunje na kila mmoja wetu kwa zamu. Shuka la namna hiyo huwezi kulikunja peke yako likanyooka. Wewe unashika pembe mbili, mwenzako pembe mbili, mnarudi nyuma, mnalikung'uta, mnalikunja, mnakutana katikati, mmoja anamkabidhi mwenzake pembe zake kisha anainama kuushika mkunjo. Jambo lenyewe ni dogo, na mtu anaonekana mzima mzima. Kuna anayevuta kabla mwenzake hajashika vizuri. Kuna anayengoja kuambiwa kila hatua. Kuna anayekunja huku ananiangalia kama nimemwona. Likidondoka, kuna anayecheka na kuna anayetafuta wa kumlaumu.

Wakishamaliza, mimi natoka nje kwenye kamba. Wao wanakaa, wanazungumza, na wanaloamua ndilo linalokuwa. Ndio watakaoshinda na mtu huyo kutwa, mimi niko nyuma ya vioo vyangu. Niliwaahidi hivyo, na nikaongeza kwamba sitalipindua neno lao kwa ajili ya mtu yeyote. Wakati natoa ahadi hiyo sikujua kwamba huyo mtu yeyote atakuja kuwa shemeji yangu.

Unakumbuka ulivyoniandikia kiwanda chao kilipofungwa. Ulisema anashinda ndani, anapanga vyombo na kuvipangua, anakuelekeza namna ya kuwasha jiko ambalo umekuwa ukiliwasha tangu mlipooana. Ukaandika kwamba anaongea na wewe kama kipaza sauti cha stendi. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, halafu nikafika pale uliposema umechoka, na kwamba mambo yakiendelea hivyo utafunga masanduku yako urudi kwa Mama. Hapo sikucheka. Ukaniomba nimpe usimamizi, maana ndiyo kazi aliyoizoea. Nikakujibu mwambie aje. Habari ya shuka sikuitaja, nikidhani mtu aliyesimamia watu muda wote ule atalikunja akiwa amefumba macho.

Alifika amejinyoosha, suti, viatu vinang'aa, mkoba wa vyeti kwapani. Alinitania kwa ucheshi wake wote, shemeji huku, shemeji kule, huku akikagua jengo kama mtu aliyekuja kulinunua. Nilipomweleza habari ya shuka alicheka, akavua koti.

Alianza na Mama Pasi, na kabla hajashika pembe alikwisha mwonyesha mahali pa kusimama. Mama Pasi husimama hapo kila siku. Akaja Fundi. Fundi mikono yake ni ya mtu mzima, inachelewa kukamata, na mumeo alivuta kabla ya wakati, pembe ikamponyoka mzee, shuka likaanguka chini. Mumeo akamwambia aamke. Fundi alinuna kununa kwa mwaka mzima. Mwisho akaja Kimya. Yeye alishika pembe zake akatulia, anamtazama. Mumeo akaamuru avute, akaamuru asogee, akaamuru ainue, kwa sauti hiyo unayoijua. Shuka lilitoka limepinda, naye akamweleza Kimya kwamba huenda mkono wake mmoja ni mfupi.

Mimi nilikwenda kwenye kamba. Nilishika foronya iliyokwisha kukauka, nikajifanya naikagua. Waliponiita ndani, Mama Pasi hakuwa na la kusema, nikajua mambo yameharibika. Fundi alisema kiwanda ni changu na nifanye nitakavyo, ila mtu yule akiwa msimamizi, yeye atarudi kutengeneza baiskeli barazani kwake. Wengine waliinamisha vichwa. Kimya alisema neno moja: bado. Nikamwomba aongeze kidogo. Akaongeza kwamba mumeo hajui kuwa anavuta.

Dada, moyo wangu uliniambia niwapindue. Nilikuwaza wewe na masanduku yako. Jengo ni langu, mashine ni zangu, na mgeni alikuwa baba wa watoto wa dada yangu. Lakini niliwatazama nyuso zao, nikaona wanangoja kujua kama ahadi yangu ilikuwa ahadi au yalikuwa maneno ya kunywea chai. Nikajikaza kisabuni. Nikatoka kwenda kumwambia shemeji yangu kwamba amekosa.

Nilitegemea atafoka. Hakufoka. Alikaa juu ya kikapu cha nguo chafu na suruali yake ile nzuri. Kisha akasema hawezi kurudi kwako mikono mitupu, na akaniuliza kama ipo kazi nyingine, kazi yoyote. Dereva wetu alikuwa amehama. Nikarudi ndani kuwauliza wenzangu, wakamtazama Kimya, Kimya akatikisa kichwa kukubali.

Basi penyewe ndipo hapa, na tafadhali weka mwiko chini. Mumeo hajawahi kuwa msimamizi. Ni dereva wa gari la mashuka. Bosi wake ni Kimya. Hana ofisi, na kiti chake ni cha gari, nacho kimechanika. Alinisihi nisikuambie, akisema atakueleza mwenyewe akipata njia. Nilimjibu kwamba uongo sitakuandikia, lakini neno la kwanza ni haki yake alitoe yeye. Njia hakuipata. Kila ulipoandika jinsi unavyomsifu kwa majirani, alizidi kukosa pa kuanzia. Nilimwona akizisoma barua zako ndani ya gari, kisha anazikunja na kuziweka mfuko wa shati.

Mwanzo haukuwa mzuri, sitatia chumvi wala sukari. Gari aliliendesha vizuri, lakini alimwamuru kila mtu aliyebeba furushi. Na sisi tuna desturi yetu ya kupakia. Mafurushi yote tunayafunga kwa kitambaa cheupe cha aina moja, kwa hiyo hakuna linalotoka bila watu wawili: mmoja anasoma kibandiko kwa sauti, mwenzake anajibu linakwenda wapi. Tunaita kusomeana. Mumeo aliona ni mchezo wa watoto wa chekechea. Asubuhi moja aliwahi kabla ya wenzake, akapakia gari lote peke yake ili atuonyeshe jinsi kazi inavyokwenda haraka mtu akiacha mambo mengi, akaondoka.

Unaweza kukisia. Mafurushi ya vitambaa vya meza vya ukumbi, vyeupe, vyenye wanga na lesi pembeni, aliyashusha wodi ya wazazi. Mashuka ya kijani ya wodi ya wazazi, yenye mhuri wa hospitali, akayapeleka ukumbini, na mchana ule kulikuwa na harusi. Mwenye ukumbi alifungua furushi la kwanza akapiga ukelele. Mumeo akageuza gari mbio kurudi hospitali, akakuta baadhi ya wazazi wamekwisha kutandikiwa, wamelala kwenye lesi na vichanga vyao. Wawili walimwambia muuguzi wazi kwamba hawatoki hapo, kwani tangu waanze kuzaa hawajapewa heshima ya namna ile.

Hapa ndipo aliponisahihisha. Mimi nilikuwa nimeandika kwamba alipiga simu kiwandani. Yeye anasema hapana, alimpigia Kimya, kwa sababu Kimya ndiye bosi wake. Kweli. Alimpigia Kimya.

Alikuja kunisimulia simu hiyo baadaye, na nataka uijue kama alivyoisema. Alianza kwa kukiri kwamba kosa ni lake peke yake, waliofunga mafurushi hawahusiki. Kisha akangoja. Alijua kinachofuata, kwa sababu yeye mwenyewe amekifanya kwa watu wengi: utaulizwa kwa nini, utaulizwa una akili gani, na alikuwa amekwisha panga majibu. Kimya akamuuliza anahitaji nini. Hakuelewa. Kimya akamuuliza tena, kwa sauti ileile, unahitaji nini. Mumeo aliniambia kwamba katika miaka yake yote ya kazi, alipokuwa chini na alipokuwa juu, hakuna mtu aliyewahi kumuuliza hivyo siku aliyokosea, na yeye hakuwahi kumuuliza mtu. Aliegesha gari pembeni. Ndipo akaweza kusema kwamba anahitaji pasi, na mtu.

Mimi siku hiyo nilikuwa nimelala nyumbani na homa, simu imezimwa, na hakuna aliyekuja kunigongea. Walijipanga wenyewe. Vitambaa ambavyo havijaguswa vilirudishwa ukumbini, vilivyokwisha kulaliwa vikaachwa wodini na wenyewe. Mama Pasi alipanda gari na pasi yake pajani, akanyoosha palepale juu ya meza za harusi huku akiwapigia soga wapambaji mpaka wakasahau kukasirika. Meza zilizopungukiwa zikafunikwa mashuka yetu meupe ya akiba, na hakuna mgeni aliyejua. Mashuka hayo yalihitaji watu wawili wa kuyakung'uta na kuyakunja upana wa meza. Mama Pasi alishika pembe zake, mumeo zake. Mama Pasi anasema alijiandaa kuvutwa. Badala yake mumeo alisimama, mikono juu, akamwambia: ukiwa tayari. Anasema alishtuka mpaka akasahau alichokuwa anasimulia, na huyo si mtu wa kusahau.

Nilipopona na kurudi nilikuta kazi inaendelea, na mumeo amebatizwa jina jipya: Bwana Harusi wa Wodi ya Wazazi. Nilidhani atachukia. Alicheka na wenzake, akasogea kwenye benchi, akakalia nusu kiti.

Usije ukadhani aligeuka siku moja. Alianza kumwomba Kimya wakunje naye wakati wa chai, na mwanzoni alivuta vilevile, ila sasa alikuwa anajiona anavuta. Siku moja tukiwa tunapanga foronya aliniambia kitu kuhusu kile kiwanda chao cha zamani. Mashine za kule zilikuwa na kelele mno, mtu hasikiki asipopiga ukelele. Aliingia akiwa kijana, akapandishwa cheo akipiga ukelele, na kufikia hapo alikuwa hana sauti nyingine iliyobaki. Akasema jioni alikuwa anarudi nyumbani na sauti hiyohiyo. Nyumbani hakukuwa na mashine yoyote, akasema, na yeye hakugundua. Mimi niliendelea tu kupanga foronya, Dada.

Kisha ikaja siku ya shuka lililoungua. Tumeajiri binti mpya kwenye pasi, yuko makini lakini mwoga. Siku hiyo aliduwaa kidogo, tukasikia harufu, na shuka jipya la mteja likawa na alama nyeusi ya pasi katikati. Binti aliganda. Mtu wa kwanza kumfikia alikuwa mumeo, aliyekuwa anapita na kikapu, na sisi wote tukajua kipaza sauti cha stendi kinafunguliwa. Akamuuliza binti: umeungua? Akamshika mkono, akampeleka kwenye bomba, akamsimamia maji yakimwagika. Shuka alilitazama baadaye kabisa, akaliweka pembeni.

Sasa nifike mwisho wa habari. Hospitali imefungua wodi nyingine, kazi imeongezeka, na tumelazimika kuanzisha zamu ya mchana. Zamu hiyo inataka msimamizi wake. Niliwakusanya wote isipokuwa mumeo, aliyekuwa barabarani, nikawaambia nitatafuta mtu wa nje, wakunje naye kama kawaida. Kimya akasema: Dereva. Wengine wakaitikia kwa furaha, lakini Fundi alinuna kwanza. Akasema yeye hakubali maneno, aletewe shuka. Gari lilipofika tukamwita mumeo bila kumweleza kitu. Mimi nikatoka nje kwenda kwenye kamba kama ilivyo sheria, ingawa nakiri kwamba nilichungulia dirishani.

Fundi alishika pembe ya kwanza. Ya pili ilimponyoka, akaitafuta, ikamponyoka tena. Nadhani nyingine aliiachia makusudi, mzee yule ana visa. Mumeo alikuwa amesimama mbele yake, mikono juu, shuka linaning'inia katikati yao. Hakumwelekeza. Hakusogea kumsaidia wala hakuangalia pembeni kwa kuchoka. Alingoja tu, uso umetulia, mpaka Fundi akatikisa kichwa kwamba ameshika. Wakalikunja likanyooka. Fundi akasema huyo ndiye, akarudi kwenye mashine zake.

Nilikimbia kumpa habari, nikidhani ataruka. Alikaa juu ya kikapu, nadhani ni kilekile, akaniambia hawezi kukubali bado. Yupo mtu mmoja, akasema, ambaye hajakunja naye. Nilimuuliza ni nani, maana wote walikuwa pale. Akakutaja wewe. Nikamwambia shemeji, acha masihara, dada yangu si mfanyakazi wa hapa. Akanijibu kwamba wafanyakazi wanapewa neno kwa sababu wanashinda naye kutwa. Akauliza, je, anayeishi naye maisha yake yote? Akasema amekuvuta wewe kuliko mtu mwingine yeyote, na hataki kuongoza watu wa nje kwa upole ambao mkewe hajauonja.

Nilipowapelekea wenzangu neno hilo, hakuna aliyepinga. Kwa hiyo zamu ya mchana haina msimamizi leo. Kimya anazishika zamu zote mbili, amechoka, na anangoja jibu lako. Sote tunalingoja. Ukisema ndiyo, basi mama mkwe wako hatakuwa mwongo tena, na majirani hawana haja ya kuelezwa kitu. Ukisema bado, mumeo atarudi kwenye gari lake, na amesema atarudi kwa amani, na kiti chake nitakishonesha. Ukisema umechoka na masanduku yamekwisha fungwa, mimi nilikuwa mdogo wako kabla hajawa shemeji yangu, na mlango wangu unaujua. Sitalipindua neno lako, lolote litakalokuwa.

Kwenye begi lake, juu ya nguo, kuna shuka. Ni kubwa, jeupe, nimelifua kwa mkono wangu. Tumelitia begini bila kulikunja, limesokotwa tu, na Mama Pasi ameumia roho mpaka leo. Mwambie alitoe. Watume watoto wakacheze nje. Simama wewe upande mmoja na yeye upande mwingine, ushike pembe zako mbili, naye ashike zake. Usimwelekeze na usimrahisishie. Chukua muda wako wote kupata mshiko, hata kama sufuria inaungua jikoni. Tazama mikono yake, sikiliza sauti yake, kisha uniandikie. Neno moja linatosha, Kimya ametuzoesha.

Nimalizie kwa salamu. Mama nisalimie sana, umwambie zile foronya alizoziomba zimo chini ya begi. Mama Pasi anakusalimu kwa maneno mengi ambayo hayaenei kwenye karatasi. Fundi anakusalimu huku amenuna. Kimya amenyanyua mkono. Wabusu wanao, hasa yule anayefanana na mimi, na ujitunze miguu. Nakupenda, Dada, na nakuamini kuliko ninavyojiamini.

Ndimi mdogo wako,
Kitinda mimba.

Mstari wa mwisho ameomba auandike yeye mwenyewe, na mimi nimempa kalamu:

Ukiwa tayari, Mama watoto.